Kichuguu cha Bigwa na Wageni Wake wa Masika

Masika imeingia Morogoro. Wiki hii nimejipangia kutembea kwa miguu kila siku hapa mtaani kwetu Bigwa na kuandika kila jioni ndege niliowaona na uyoga nilioukuta. Watu wakisikia habari za kutazama ndege hufikiria Mikumi na magari ya watalii. Mikumi naipenda, tena haiko mbali na sisi. Lakini Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na wengi wao hawajui mpaka wa hifadhi umepita wapi. Uyoga nao hauna habari na mipaka. Unaota nyuma ya choo, kandoni mwa uwanja wa mpira, chini ya mwembe wa jirani, kisha unaoza kabla watu hawajajua kuwa ulikuwepo.

Nimebeba darubini ndogo, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, mvua ikinyesha maandishi yote yanayeyuka.

Jumatatu

Mvua ilianza usiku wa manane, ikakatika karibu na adhana ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshafika kwenye kijito. Kabla sijaona chochote nilimsikia dudumizi, sauti nzito inayobubujika ikishuka ngazi kwa ngazi, halafu ikapanda kidogo mwishoni. Wengine humwita tipitipi. Wazee husema akilia mvua iko njiani, na msimu huu ni vigumu kuwabishia. Alikuwa ndani ya matete, akipanda kwa miguu zaidi ya kuruka. Mabawa yana rangi ya kutu, jicho jekundu, na juu ya jicho umepita mstari mweupe. Alikaa akianika manyoya yaliyolowa, nami nikapata nafasi ya kumtazama kwa utulivu.

Kekeo wa kifua chekundu naye amerudi. Huyu anatoa noti tatu zinazoshuka, anarudia, anarudia tena, hadi unajikuta unazihesabu bila kutaka. Anakaa juu kabisa penye majani mazito, kwa hiyo watu wengi wanamjua kwa sikio tu. Hajengi kiota. Hutaga mayai yake ndani ya viota vya ndege wadogo waimbao vichakani, na hao ndio wanaomlelea.

Kilichonichelewesha kurudi nyumbani ni minana. Karibu na bomba la maji la mtaa kuna mnazi ambao wameufanya kijiji chao. Akina mama wanaosubiri ndoo zijae wamezoea kelele zao, hawainui hata kichwa. Mimi nilisimama pale hadi shingo ikauma. Dume, manjano mwili mzima na uso mweusi, anakata ukingo wa jani la mnazi kwa mdomo, anaruka, na jani linachanika kuwa uzi mrefu mbichi. Anaanza na pete. Ndani ya pete hiyo ndimo anamosimama muda wote wa ujenzi, akisuka chumba upande mmoja na kibaraza cha kuingilia upande wa pili, mlango ukitazama chini. Kikikamilika ananing'inia mlangoni, anapiga mabawa na kupiga kelele ili majike waje kukagua. Jike huingia, huvutavuta nyuzi kwa ndani, na mara nyingi huondoka. Kiota kikikauka na kugeuka kahawia kabla hajapatikana mwenyeji, dume hukibomoa mwenyewe, akaanza kingine palepale. Leo nimemwona mmoja akibomoa. Chini ya mnazi kulikuwa na rundo la nyuzi kavu, na wanawake wawili wakaziokota za kuwashia moto.

Pembeni ya mnazi huo, kwenye mpapai, alikaa kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa. Huyu naye hutaga kwenye viota vya watu, na minana ndio anaowapenda. Minana wana kinga yao. Kila jike hutaga mayai ya rangi yake na madoa yake: mwingine meupe, mwingine ya buluu-kijani, mwingine yenye madoadoa ya kahawia. Jike analijua yai lake, na lisilofanana analitupa nje. Kekeo kwa hiyo hana uhakika atafanikiwa kwenye kiota gani. Vita hivi vyote vinapiganwa juu ya vichwa vya watu wanaogombania foleni ya maji.

Jumanne

Siku ya kichuguu.

Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna kiwanja ambacho hakijajengwa, na katikati yake kimesimama kichuguu kinachonizidi urefu. Mwenye kiwanja anataka kukivunja afyatulie tofali, nitalieleza hilo mbele. Jana jioni niliona mchwa wakifungua matundu upande wa magharibi. Leo mvua ilinyesha saa tisa alasiri, jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kutoka.

Wa kwanza kufika walikuwa watoto na makopo yao. Kuku wakafuata, na baada ya hapo anga lote. Mbayuwayu walipita chini sana, nikasikia midomo yao ikifunga. Hawa wana safari mbele yao: wengi wametoka Ulaya na Asia, na wiki chache zijazo wataondoka kwenda kuzaa huko. Kila kumbikumbi anayemezwa hapa Bigwa ni mafuta ya njiani. Mlamba alikaa kwenye waya wa umeme, mweusi, mkia umegawanyika. Anatoka, anadaka, anarudi palepale. Shore, yule wa kichwa cheusi mwenye manjano chini ya mkia, alikuwa akiokota waliokwisha kuanguka. Mwewe walinishangaza kuliko wote. Ndege mkubwa vile, mwenye uwezo wa kunyakua kifaranga, anamfuata mdudu mmoja hewani, anamdaka kwa kucha, anainamisha kichwa na kumla hukohuko akiwa anaelea, wala hatui.

Nilichuchumaa karibu na tundu moja nione wanavyotoka. Askari wenye vichwa vikubwa vyekundu walisimama ukingoni, wametazama nje. Kati yao kumbikumbi walipita mmojammoja, mabawa bado yamelala mgongoni, wakapanda jani la karibu na kuruka. Wengi hawakuvuka mita ishirini. Wale waliofika chini salama waliangusha mabawa yote manne kwa kujipinda kidogo tu, dume akamfuata jike nyumanyuma wakitafuta udongo laini wa kuchimba. Jozi kama hiyo, ikinusurika, ndiyo mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Wanaonusurika ni wachache mno. Katika wote niliowaona leo sijui kama hata jozi moja itaona masika ijayo.

Nilipewa nusu kopo na mtoto wa jirani. Nimewakaanga kwa chumvi bila mafuta, maana wana mafuta yao.

Jumatano

Asubuhi kuna ukungu mpaka nusu ya mlima, Uluguru haionekani. Nilikwenda moja kwa moja kichuguuni, nikakuta ardhi imekuwa nyeupe.

Ni uyoga mdogomdogo, kofia haizidi upana wa kidole gumba, katikati kuna ncha ya rangi ya kijivu. Umetoka mamia kwa mamia, umejazana kwenye eneo la mkeka mmoja. Jana haukuwepo kabisa. Bibi anayeuza mboga kona ya barabara alikuwa ameshafika kabla yangu na ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umechelewa, lakini chuma upande ule. Huu nimeuanza mimi."

Tulichuma pamoja. Nilimweleza ninachokifahamu juu ya uyoga huu, naye akanieleza anachokifahamu, na vyake vilikuwa vingi zaidi. Mchwa hawa ni wakulima. Wanakusanya majani makavu na vipande vya miti, wanavitafuna na kuvijenga kuwa masega ndani kabisa ya kichuguu, na kwenye masega hayo wanaotesha nyuzi nyeupe za uyoga. Nyuzi hizo zinalainisha miti ambayo mchwa wenyewe hawawezi kuimeng'enya vizuri, kisha mchwa wanakula sega. Kichuguu ndicho kinacholinda shamba hilo, joto la ndani likikaa karibu na nyuzijoto 30 za Selsiasi usiku na mchana. Watafiti wanakadiria ushirika huu una umri wa miaka milioni 30 hivi, na chimbuko lake ni Afrika. Uyoga huu mdogo hutokea mchwa wanapotoa vipande vya sega na kuvitandaza juu ya ardhi. Mvua ikivipata, vinachipua.

Bibi alisikiliza yote, akasema, "Ndiyo maana mama yangu alikuwa akitukataza kukojoa kwenye kichuguu."

Anauza fungu shilingi 1,000. Mimi wangu niliuosha mara tatu, mchanga hauishi, nikauchemsha kidogo, nikaunga na kitunguu, nyanya na karanga za kusaga. Wale waliozoea uyoga wa mamama unaolimwa kwenye mifuko ya pumba na mabua wataona huu una ladha nzito zaidi. Mamama mtu yeyote anaweza kuulima chumbani. Huu mkulima wake ni mchwa, na tukimwondoa mchwa tumeuondoa na wenyewe.

Alhamisi

Mvua kutwa. Nilitoka alasiri tu, hadi uwanja wa shule ya msingi.

Kwenye nyasi za uwanja kumeota miavuli mikubwa meupe, imejipanga nusu duara upande wa goli. Kofia zina upana wa sahani ya wali, katikati kuna magamba ya kahawia, na kwenye mguu kuna pete inayoteleza ukiisukuma kwa kidole. Inavutia macho na ina nyama ya kutosha. Wavulana walikuwa wakiipiga mateke.

"Anko, huu unalika?"

Niliwaambia hapana, na wanawe mikono kabla ya kula, na kwamba kesho nitawaonyesha kwa nini. Nilichukua kofia moja iliyofunguka vizuri, nikaikata mguu, nikailaza juu ya karatasi nyeupe mezani na kuifunika kwa bakuli. Mikunjo ya chini ya kofia ilikuwa bado nyeupe, imechafuka kidogo.

Ndege leo ni kwarara tu, watatu, wakichokoa matope ya uwanja kwa midomo yao iliyopinda, na yangeyange nyuma ya ng'ombe wa mtu.

Ijumaa

Nimefunua bakuli asubuhi. Karatasi imechorwa mistari ya kijani, kijani cha majani makavu ya mchai, kuanzia katikati hadi ukingoni. Vumbi hilo ndilo mbegu za uyoga, na karibu uyoga wote mkubwa wa namna hii una vumbi jeupe au la rangi ya maziwa. Wa kijani ni mmoja anayejulikana sana katika nchi zote za joto, anapenda nyasi zinazofyekwa, na anasumbua watu kila mwaka. Ukiula, saa moja hadi tatu baadaye utaanza kutapika na kuharisha vibaya. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona, lakini mtoto anaweza kuishiwa maji mwilini haraka.

Nilikwenda na karatasi hiyo shuleni wakati wa mapumziko. Mwalimu wa zamu aliniruhusu kuipitisha mikononi mwao. Niliwaambia pia jambo ambalo ningependa kila nyumba ilijue: zile njia za kupima tunazorithishana hazifai kitu. Watu husema uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama, wengine wanaweka kitunguu saumu kwenye sufuria na kungoja kibadilike rangi, wengine sarafu. Konokono anakula uyoga unaoua binadamu na yeye akaendelea na safari yake. Uyoga wenye sumu kali kuliko yote hauumizi mapema. Dalili hukaa saa 6 hadi 24 bila kutokea, na zikitokea ini limeshaanza kuharibika. Mtu akila uyoga asioujua akaumwa, apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yaende pamoja naye.

Baada ya hapo nilikuwa na hamu ya kuona kitu kisicho na sumu, nikapitia bustani ya jirani anayetandaza maranda ya mbao kwenye matuta yake ya mchicha. Kwenye maranda kumeota vikombe vya kijivu, vidogo kuliko kifuniko cha kalamu, na ndani ya kila kimoja mna vijidonge vitano au sita. Ukivikuta mara ya kwanza utaapa ni viota vya ndege wa kuchora, na mayai yake. Ni uyoga. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe hurusha vijidonge hivyo nje, vikaenda kunasa kwenye majani. Nilijaribu kwa kudondosha maji kutoka kwenye chupa. Kimoja kiliruka na kunasa kwenye suruali yangu, usawa wa goti.

Jirani ameyamwagilia maji matuta yake miaka yote na hajawahi kuviona vikombe hivyo. Sasa ameviweka alama kwa vijiti ili watoto wasivikanyage.

Jioni hondohondo walipita juu ya mkuyu wa kijitoni, kundi zima, wakilia. Mkuyu umezaa. Niliwaangalia wakichuma tunda kwa ncha ya mdomo, wakilirusha juu kidogo na kulipokea kooni. Wakati wa kutaga jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa hadi ubaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa wiki nyingi. Bila mti mkubwa wenye tundu hakuna hondohondo. Mikuyu ya kijito chetu imebaki michache, na huu una alama ya shoka.

Jumamosi

Nimetoka nje ya mtaa leo, nikapanda Morningside, kwenye miteremko ya Uluguru, na rafiki yangu. Njia ilikuwa na utelezi mtupu, tukapishana na akina mama wa Kiluguru wakishusha karoti na kabichi kichwani kwa mwendo ambao mimi siuwezi hata bila mzigo. Juu ya mashamba, msitu unapoanzia, tulimkuta chozi wa Uluguru: kichwa na koo la kijani kinachometa, kifua chekundu, tumbo la manjano. Ndege huyu haishi popote duniani isipokuwa kwenye milima hii inayoonekana kutoka sokoni kwetu. Mtu wa Bigwa akiinua macho asubuhi anatazama makazi yote ya ndege huyu.

Maji ya kijito chetu yanatoka humo pia, na maji ya Ruvu yanayokwenda kunywewa Dar es Salaam.

Jumapili

Kichuguu kimetoa uyoga mkubwa.

Nilipoamka kulikuwa na vichwa vitatu vya rangi ya kahawia vikisukuma udongo upande wa chini. Saa nne viwili vimeshafunguka, kimoja kikiwa kipana kuliko bakuli la uji. Nilichimba taratibu kwa kisu kufuata mguu. Ukaendelea chini, ukawa mwembamba, mweusi, mgumu, nikafika urefu wa mkono hadi kiwiko na haujaisha. Unashuka mpaka kwenye sega. Bibi, ambaye nilimwita, alisema mkubwa usio na mzizi wa namna hiyo yeye hamwulizi hata jina. Ila mzizi peke yake hautoshi kumfanya mtu auchume. Bibi anaangalia mzizi, kichuguu, ncha ya kofia, harufu na msimu kwa pamoja, na ameviangalia tangu akiwa mtoto. Zambia kuna jamaa wa uyoga huu ambaye kofia yake hufika upana wa mita moja. Wetu si huyo, lakini ulitutosha nyumba tatu.

Mwenye kiwanja alikuja adhuhuri kuangalia mipaka, tukampa sahani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naona mmehamia kwangu."

Alikula. Kisha akasema anachosema siku zote: udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali zisizopasuka tanuruni, na mtu anayejenga hawezi kuacha mali iliyopo kiwanjani akanunue ya mbali. Sikubishana naye kuhusu tofali, ana haki. Nilimwonyesha daftari: Jumanne nani walikula hapa, Jumatano bibi aliuza mafungu mangapi, leo amekula nini yeye mwenyewe. Nikamwambia kichuguu kikivunjwa mpaka chini na malkia kutolewa, shamba hili halitarudi kwa kupandwa na mtu.

Bibi aliingilia. "Wewe mwanangu, nyumba yako inakaa mbele. Huku nyuma unaweka nini, si choo? Choo kisogeze."

Mzee alicheka, akapima kwa hatua kutoka ukuta wa jirani hadi kichuguuni, akarudia tena upande wa pili. Akasema masika yote hatakigusa, na kabla ya kuamua zaidi atamleta fundi aangalie kama choo kinaweza kwenda upande wa mpapai, na kama udongo wa bonde la chini unafaa kwa tofali. Fundi anakuja Jumanne. Nimewaahidi kuwa na futi kamba na chai.